Kodi Iliyokatwa Siyo Lazima Iwe Kodi Unayodaiwa: Ritani ya Uingereza Kabla ya 31 Januari 2026

Makala ya leo ni ya wale walioko Uingereza: mafundi wa saiti, wapaka rangi, wabeba zege, dada wa kazi za ndani, mayaya, wasafishaji na walezi wa wazee. Mlioko Oman na nchi nyingine za Ghuba, mishahara yenu kwa sasa haikatwi kodi ya mapato. Oman imeshapitisha sheria ya kodi hiyo, ambayo itaanza Januari 2028, lakini itawagusa tu wenye pato linalozidi riali 42,000 kwa mwaka. Mshahara wa kazi za ndani au wa saiti haufiki huko, kwa hiyo akija mtu kukuchangisha "kodi mpya", mkatalie.

Turudi Uingereza. Jambo ninalotaka ulishike ni hili: pesa inayokatwa kwenye malipo yako kila wiki au kila mwezi ni makadirio tu. Anayekata hajui mwaka wako utaishaje. Hajui kama ulikaa miezi mitatu bila kazi, wala hajui ulinunua vifaa vya kiasi gani. Hesabu kamili inafanywa mwaka ukishaisha, na mara nyingi ni wewe mwenyewe unayetakiwa kuianzisha. Kwa wafanyakazi wa kipato chetu hesabu hiyo ikifanywa, mara nyingi unakuta serikali ndiyo inakudai pesa kidogo, au wewe ndiye unayeidai serikali pesa nyingi. Usipouliza, hela yako inabaki huko huko.

Mwaka wa kodi unavyohesabiwa

Uingereza mwaka wa kodi hauanzi Januari. Unaanza 6 Aprili na kuisha 5 Aprili ya mwaka unaofuata. Ritani ya msimu huu ni ya pato la kuanzia 6 Aprili 2024 hadi 5 Aprili 2025. Mwisho wa kuituma kwa mtandao ni 31 Januari 2026, saa sita kamili usiku, na siku hiyo hiyo ndiyo mwisho wa kulipa kama unadaiwa. Ritani ya karatasi ilishapita tangu 31 Oktoba 2025.

Viwango vya mwaka huo ni hivi:

- Pauni 12,570 za kwanza hazikatwi kodi ya mapato.
- Kuanzia hapo hadi pauni 50,270 unakatwa asilimia 20. (Scotland wana viwango vyao kwa sehemu hii.)
- Ukiwa umejiajiri, kwenye faida inayozidi pauni 12,570 unalipa pia asilimia 6 ya Bima ya Taifa, ile inayoitwa NI.
- Ukiwa umeajiriwa, NI ni asilimia 8, na mwajiri anaikata humo humo kwenye mshahara.

Hizo pauni 12,570 ni za mwaka mzima. Uliyeanza kazi Oktoba una haki nazo zote, sawasawa na aliyeanza Aprili. Hapa ndipo pesa nyingi za wageni wapya zinapopotelea.

Wewe ni muajiriwa au umejiajiri?

Kabla ya chochote, jua uko upande gani.

Kama bosi ndiye anayepanga saa zako, anakupa vifaa, huwezi kumtuma mtu mwingine akufanyie, na unalipwa mshahara ule ule, wewe ni muajiriwa. Dada anayeishi au kushinda kwenye nyumba ya familia moja, akipika na kulea watoto, karibu kila mara ni muajiriwa, hata kama mama mwenye nyumba anasema "wewe umejiajiri, kodi yako utajua mwenyewe". Maneno yake hayabadilishi sheria. Mwajiri wa nyumbani anayekulipa pauni 125 kwa wiki au zaidi kwa mwaka 2025/26 (mwaka 2024/25 ilikuwa pauni 123) anatakiwa kujisajili HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya Uingereza, na kukupa slipu ya mshahara. Hiyo slipu ni haki yako tangu siku ya kwanza ya kazi.

Faida ya kuandikishwa haiishii kwenye kodi. Mshahara ukifika kiwango hicho, wiki zako zinaanza kuhesabiwa kwenye pensheni ya serikali hata kabla hujaanza kukatwa NI. Miaka 10 iliyotimia ndiyo inayokufungulia mlango wa pensheni hiyo. Anayekulipa mkononi kimya kimya anakuokolea pauni chache leo, huku akikunyima uzee wako.

Ukiwa msafishaji mwenye wateja kadhaa, unajipangia siku na bei, unakuja na vifaa vyako, hapo unaweza kuwa umejiajiri kweli. Mafundi wengi wa saiti nao wanahesabiwa wamejiajiri, chini ya mpango wa CIS ambao tutaueleza sasa hivi.

Angalizo moja kubwa: angalia viza yako kwanza. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri. Viza ya mfanyakazi wa nyumbani inakufunga kwenye kazi za ndani za kuajiriwa. Aliyekuja kwa mdhamini asome masharti yake mstari kwa mstari kabla ya kujisajili. Home Office wanaweza kulinganisha maombi yako na ritani zako za HMRC, na tofauti kati ya karatasi hizo mbili imeshawaharibia watu maombi ya ukaazi wa kudumu.

Fundi wa saiti: hesabu ya CIS

Chini ya CIS, mkandarasi anapokulipa anakata asilimia 20 ya malipo ya kazi na kuipeleka HMRC. Kama hujasajiliwa kwenye mpango huo anakata asilimia 30. Makato hayaangalii zile pauni 12,570 wala gharama zako. Yanaanza kwenye pauni ya kwanza. Ndiyo maana fundi wa kawaida anamaliza mwaka akiwa amekatwa kuliko anavyodaiwa.

Tuchukue mfano wa fundi wa matofali anayelipwa pauni 600 kwa wiki, na mwaka huo alipata wiki 46 za kazi.

Malipo kabla ya makato: 600 × 46 = pauni 27,600
Makato ya CIS ya asilimia 20: pauni 5,520
Kilichoingia benki: pauni 22,080

Sasa gharama zake za kazi za mwaka mzima:

- Gari lake kwenda saiti tofauti tofauti, maili 4,800 kwa senti 45 kila maili: pauni 2,160
- Vifaa: pauni 780
- Buti za usalama, helmeti na kizibao kinachong'aa: pauni 190
- Bima ya kazi: pauni 210
- Sehemu ya simu inayotumika kwa kazi: pauni 260

Jumla pauni 3,600. Faida yake ni 27,600 toa 3,600, yaani pauni 24,000.

Toa 12,570 zisizokatwa kodi, zinabaki 11,430. Kodi ya mapato ya asilimia 20 ni pauni 2,286. NI ya asilimia 6 ni pauni 685.80. Jumla anayodaiwa kwa mwaka ni pauni 2,971.80.

Ameshakatwa 5,520. Anarudishiwa pauni 2,548.20.

Soma tena hiyo namba ya mwisho. Wala si zawadi ya serikali. Ni jasho lake la zaidi ya wiki nne, limekaa kwenye akaunti isiyo yake likisubiri atume ritani. Kama hakusajiliwa akakatwa asilimia 30, makato yangekuwa pauni 8,280 na marejesho yake pauni 5,308.20. Kodi anayodaiwa ni ile ile. Tofauti ni kwamba pauni 2,760 zaidi zingelala huko mwaka mzima, wakati nyumbani mabati yanapanda bei. Kwa hiyo kama bado unakatwa 30, jisajili leo.

Mambo matatu yanayowaharibia mafundi hesabu

La kwanza, watu wanaandika kilichoingia benki kana kwamba ndiyo pato lao. Kwenye mfano wetu fundi angeandika 22,080. Hapana. Kwenye ritani unaandika malipo yote kabla ya makato, 27,600, halafu makato ya 5,520 yanaingia kwenye kisanduku chake cha CIS. Ukikosea hapo, namba zako hazitaoana na zile mkandarasi alizopeleka, na marejesho yatasimamishwa hadi uulizwe maswali.

La pili, karatasi za makato. Kila mwezi wa kodi unaisha tarehe 5, na mkandarasi anatakiwa kukupa taarifa ya makato ndani ya siku 14, yaani kufikia tarehe 19. Hiyo karatasi ndiyo ushahidi wako kwamba ulikatwa. Usikubali kuambiwa "nitakupa zote mwisho wa mwaka". Makampuni madogo ya ujenzi hufungwa, mameneja huhama, na namba za simu hubadilishwa. Omba kila mwezi, ipige picha, itume kwenye barua pepe yako mwenyewe. Kama zingine huna, mwandikie mkandarasi sasa hivi, kwa ujumbe wa maandishi, ukitaja miezi inayokosekana. Weka na taarifa za benki zinazoonyesha malipo yaliyoingia.

La tatu, gharama zisizohusika. Chakula chako cha mchana cha kila siku hakihesabiwi. Jinzi na koti la kawaida havihesabiwi hata kama unavivaa saiti tu. Faini za kuegesha gari hazihesabiwi. Safari za gari zinahesabiwa pale unapozunguka saiti mbalimbali. Kama una sehemu moja ya kudumu unayokwenda kila siku, hiyo ni safari ya kwenda kazini kama ya mtu mwingine yeyote, haikubaliki. Na ukitumia zile senti 45 za maili (za maili 10,000 za kwanza, zinazozidi ni senti 25), usidai tena petroli, matengenezo na bima ya gari, maana vyote vimo humo.

Muajiriwa: angalia alama yako ya kodi

Ukiwa muajiriwa, kwa kawaida hujazi ritani. Kodi inakatwa na mwajiri kwa mfumo wa PAYE. Lakini hilo halimaanishi imekatwa sawa.

Kwenye slipu yako kuna alama ya namba na herufi. Mtu mwenye kazi moja anatakiwa kuona 1257L. Hiyo inasema unapewa zile pauni 12,570 bila kodi. Ukiona BR, maana yake kila pauni unayopata inakatwa asilimia 20 bila punguzo lolote. BR ni sawa kwenye kazi ya pili, kwa kuwa punguzo limeshatumika kwenye kazi ya kwanza. Kwenye kazi yako pekee, ni makosa yanayokula mshahara wako.

Chukua mfano wa dada aliyeanza kazi ya kulea wazee Oktoba 2024 kwa pauni 1,600 kwa mwezi. Siku ya kwanza alipewa fomu ya mfanyakazi mpya, akaijaza haraka haraka, akawekwa kwenye BR. Hadi Machi alipata miezi sita, pauni 9,600, na kodi ya mapato ikakatwa pauni 1,920. Pato lake la mwaka mzima hapa halikufika hata 12,570. Hakudaiwa kodi ya mapato hata senti moja. Zote 1,920 ni zake. (NI aliyokatwa hairudi, kwa sababu NI inahesabiwa kwa kila kipindi cha malipo peke yake, haingojei mwisho wa mwaka.)

Afanye nini? Achukue P60, ile karatasi ambayo mwajiri anaitoa kufikia 31 Mei kila mwaka, au P45 kama aliacha kazi. Aingie kwenye akaunti yake ya kodi kwenye tovuti ya gov.uk au kwenye programu ya simu ya HMRC, aangalie mwaka 2024/25 na adai marejesho. HMRC wenyewe pia hutuma barua ya P800 wakiona umelipa kupita kiasi, ila barua inakwenda kwenye anwani waliyonayo. Umehama vyumba vitatu kwa mwaka? Badilisha anwani kwanza.

Jingine: unaruhusiwa kurudi nyuma miaka minne. Mwaka wa kodi 2021/22 unafungwa 5 Aprili 2026. Kama mwaka huo ulikatwa BR au ulifanya kazi miezi michache tu, una muda mfupi uliobaki. Baada ya tarehe hiyo, mlango umefungwa.

Msafishaji aliyejiajiri: jihadhari na Januari ya kwanza

Huku mambo ni kinyume. Wateja wanakulipa kamili, hakuna anayekata. Pesa inaonekana yako yote, na nyumbani wanaijua hivyo hivyo. Halafu Januari inafika.

Sema faida yako ilikuwa pauni 20,000. Toa 12,570, zinabaki 7,430. Kodi ni pauni 1,486 na NI ni pauni 445.80, jumla 1,931.80. Wengi wanajiandaa kwa hiyo. Wasichoambiwa ni kwamba deni likizidi pauni 1,000, na chini ya asilimia 80 ya kodi yako ndiyo iliyokatwa kwenye chanzo, HMRC wanataka pia utangulize malipo ya mwaka unaofuata, nusu Januari na nusu Julai. Kwa hiyo 31 Januari unatakiwa kutoa 1,931.80 pamoja na 965.90, yaani pauni 2,897.70, na 31 Julai pauni 965.90 nyingine. Hizo za kutanguliza zinahesabiwa kwako mwaka unaofuata, hazipotei, lakini mwaka wa kwanza zinauma.

Dawa yake ni ndogo. Deni la 1,931.80 likigawanywa kwa wiki 52 ni kama pauni 37. Kwa mwaka wa kwanza weka pauni 56 kila wiki kwenye akaunti tofauti, ili ufidie na ile ya kutanguliza. Iweke kabla hujatuma nyumbani. Hiyo si akiba yako ya kiwanja, ni mali ya watu iliyokaa kwako.

Ukishindwa kulipa yote, tuma ritani kwa wakati hata hivyo. Kutuma na kulipa ni vitu viwili. Deni lisilozidi pauni 30,000 unaweza kuomba kwenye mtandao kulipa kidogo kidogo, ili mradi ritani zako zote zimeshatumwa. Riba itakuwepo, ila unaepuka faini kubwa.

Na kama kazi ya kujiajiri ni ya pembeni tu, umesafisha nyumba chache na malipo yote ya mwaka hayakuzidi pauni 1,000, kwa kawaida huhitaji kujisajili kwa ajili hiyo.

Kuchelewa kunagharimu kiasi gani

Kuna imani kwamba asiyedaiwa hana haja ya kuharakisha. Ukishapewa agizo la kutuma ritani, faini inakuja hata kama deni ni sifuri:

- Siku moja baada ya mwisho: pauni 100.
- Miezi mitatu: pauni 10 kwa siku, hadi siku 90, yaani pauni 900.
- Miezi sita: pauni 300, au asilimia 5 ya kodi kama hiyo ni kubwa zaidi.
- Miezi kumi na miwili: pauni 300 nyingine, au asilimia 5.

Jumlisha: pauni 1,600 kwa mtu asiyedaiwa chochote. Na ukirudi nyumbani moja kwa moja bila kuwaambia HMRC kwamba umeacha kujiajiri, wataendelea kukuandikia kwenye ile anwani ya zamani. Kabla ya kupanda ndege, funga usajili wako.

Kama hujajisajili kabisa, mwisho ulikuwa 5 Oktoba 2025, lakini usikae ukasema basi. Jisajili sasa kwenye gov.uk upate namba ya UTR, ambayo ina tarakimu kumi, kisha fuata tarehe utakayoandikiwa. Faini ya kuchelewa kujisajili inahesabiwa kwa kodi unayodaiwa. Anayesubiri marejesho hana cha kuogopa hapo.

Maswali mnayoniuliza sana

Ninatuma nyumbani pauni 300 kila mwezi, je, inapunguza kodi? Hapana. Pesa ya matumizi ya mama, karo ya wadogo na matibabu havipunguzi kodi yako ya Uingereza. Upande wa pili, kutuma kwenyewe hakukuongezei kodi. Ulishalipa kwenye pato.

Nina vyumba vya kupangisha Mombasa, Dodoma au Kampala. Je, niviseme? Ukiwa mkaazi wa Uingereza kikodi, pato lako la nchi zote linahusika kwa kawaida. Pango la mwaka mzima lisilozidi pauni 1,000, kabla ya kutoa gharama, halikatwi kodi. Likizidi, linaingia kwenye ritani, na kodi ya pango uliyokwisha kulipa nyumbani inapunguzwa kwenye ile ya Uingereza, kwa hiyo tunza risiti za mamlaka ya kodi ya kwenu. Kwa mwaka 2024/25 bado kulikuwa na utaratibu wa zamani kwa watu ambao makazi yao ya asili kisheria ni nje ya Uingereza: pato la nje lisilofika pauni 2,000 ambalo hukulileta Uingereza halikuguswa. Utaratibu huo umekufa tangu 6 Aprili 2025.

Badala yake mgeni ambaye hakuwa mkaazi kwa miaka 10 kabla ya kuja anaweza kuomba msamaha wa pato la nje kwa miaka minne ya mwanzo. Hapa tumia kichwa. Ukiuomba unapoteza zile pauni 12,570 za mwaka huo, na kwa fundi wetu wa 24,000 hiyo ni kodi ya ziada ya pauni 2,514. Kuacha 2,514 ili uokoe kodi ya pango la vyumba viwili ni hasara tupu. Msamaha huo umetengenezewa wenye mali nyingi nje.

Nyumba nimeandika jina la mama. Kama kweli ni ya mama na pango anakula mama, ni pato lake. Kama jina ni la mama lakini pango linaingia kwenye simu yako, pato ni lako.

Kuna mtu anajaza ritani kwa asilimia 30 ya marejesho, nimpe? Asilimia 30 ya pauni 2,548 ni pauni 764, kwa kazi ya saa chache. Kutuma ritani mwenyewe kwenye gov.uk ni bure. Ukihitaji msaada, TaxAid wanasaidia watu wa kipato cha chini bila malipo, na Citizens Advice wako karibu kila mji. Ukitumia mhasibu, kubalianeni ada ya kiasi kinachojulikana, na marejesho yaingie kwenye akaunti yako mwenyewe. Anayekuahidi marejesho makubwa kabla hajaona karatasi zako atabuni gharama. Ritani ina jina lako, na HMRC wakiuliza baadaye watakuuliza wewe.

Nimepata ujumbe wa simu kwamba nina marejesho, nibonyeze. Usibonyeze. HMRC hawaombi namba za benki kwa ujumbe wa simu. Utume kwenda 60599 halafu ufute.

Mali bila daftari hupotea bila habari

Wazee walishamaliza. Kazi ya wiki hii ni hii:

1. Kusanya karatasi za CIS, P60, P45 na slipu, kuanzia 6 Aprili 2024 hadi 5 Aprili 2025.
2. Pitia taarifa za benki, weka alama kwenye kila lipo la kazi na kila gharama ya kazi.
3. Hakikisha unaweza kuingia kwenye akaunti yako ya HMRC. Usigundue 30 Januari kwamba simu yenye namba ya siri ulishaibadilisha.
4. Jaza, hifadhi, lala, kesho yake usome upya ndipo utume. Chukua picha ya ukurasa wa uthibitisho.
5. Tunza kila kitu. Kwa aliyejiajiri, karatasi za mwaka huu zinatakiwa kuwepo hadi 31 Januari 2031.

Na marejesho yakiingia, nakuomba usiyatangaze siku hiyo hiyo kwenye kundi la familia. Yape wiki mbili. Toa kwanza madeni yenye riba, weka kando matumizi ya mwezi mmoja ya hapa ulipo, kisha kinachobaki kipeleke kwenye ule mpango uliokutoa nyumbani. Ilikuwa ni mishahara yako tangu mwanzo. Sasa imekuja mara moja, na safari hii iko mkononi mwako.